Friza inagandisha, upande wa pili joto: kompresa imekufa kweli?

Swali: Fundi, habari za kazi. Tuna friji kubwa la milango miwili, la kujengea ndani ya kabati, tulilonunua miaka minne iliyopita kwa familia ya Kimarekani iliyokuwa inahama Masaki. Linatumia transfoma. Wiki ya pili sasa upande wa friza unagandisha kama kawaida, lakini upande wa chakula kuna joto, maziwa yanachacha ndani ya siku moja. Fundi wa mtaani kwetu kaja, kaweka sikio, kasema kompresa imekufa. Anataka laki tisa afunge nyingine na kujaza gesi. Nimepewa namba ya mwingine anayesema yeye ni mtaalamu wa haya mafriji ya bei mbaya. Huyo anataka laki mbili ya kuja kuangalia tu, kabla hajagusa kitu. Mume wangu anasema huo ni wizi. Je, nimlipe mtu laki mbili kwa kuangalia? – Mama Nasra, Mbezi Beach

Mama Nasra, salama. Mlipe.

Najua mzee hapo nyumbani hatalifurahia jibu hilo, kwa hiyo nitajieleza kwa kirefu. Lakini kabla pesa haijatoka, kuna jambo unaweza kulifanya mwenyewe leo jioni: hesabu kompresa.

Mafriji ya kujengea kabatini hayana mashine kule nyuma kama yetu ya kawaida. Mashine iko juu, nyuma ya grili ndefu iliyo juu ya milango, au chini, nyuma ya kibao cha miguuni. Zima umeme ukutani, toa grili (nyingine unaivuta tu kwa mkono, nyingine ina skrubu mbili), washa tochi ya simu. Kompresa utaitambua: dude jeusi la chuma, mviringo kama chungu kilichofunikwa, lina mabomba ya shaba yanayoingia na kutoka. Ziko ngapi?

Ikiwa ni moja, fundi wako wa mtaani amekosea, na wala sihitaji kupanda daladala hadi Mbezi kulithibitisha hilo. Friji la kompresa moja kwa kawaida hutengeneza baridi yote mahali pamoja, upande wa friza. Feni ndogo ya ndani husukuma sehemu ya baridi hiyo kwenda upande wa chakula, kupitia kilango kinachojifungua na kujifunga. Kompresa ikifa, pande zote mbili hufa, na friza ndiyo utaiona ikimwaga maji. Kwako friza inagandisha. Basi kompresa iko hai, na kilichoharibika kipo njiani: feni imesimama, kilango kimekwama, sensa inadanganya, au barafu imeziba njia ya hewa kwa sababu hita ya kuyeyushia imeungua. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji kukata bomba wala kujaza gesi.

Hilo la barafu lina kipimo cha bure. Hamishia chakula kwa jirani, zima friji, acha milango wazi saa 24, tandika mataulo sakafuni. Usichokonoe barafu kwa kisu. Nimeshaona friji zima likitupwa kwa sababu ya ncha ya kisu iliyotoboa bomba la aluminiamu. Kisha washa tena. Likipoza vizuri pande zote kwa siku kadhaa, halafu ugonjwa ukarudi vile vile, umeshajua kwamba mfumo wa kuyeyusha barafu ndio mgonjwa. Fundi akija unamwambia hivyo, naye atakuheshimu kuanzia hapo.

Ikiwa kompresa ni mbili, mambo yanabadilika. Kuna makampuni, Sub-Zero ya Wisconsin ikiwa inayojulikana zaidi kwa hilo, ambayo hutenga kabisa pande mbili: friza ina kompresa yake, mabomba yake na gesi yake, na upande wa chakula hivyo hivyo. Ni mafriji mawili ndani ya sanduku moja. Faida yake ni kwamba harufu ya samaki wa friza haihamii kwenye matunda, na unyevu wa upande wa chakula unabaki. Kwa friji la namna hiyo, upande mmoja unaweza kufa kabisa huku mwenzake anachapa kazi. Kwa hiyo fundi wako anaweza kuwa sahihi. Ninachokikataa mimi ni njia aliyofikia jibu hilo, ile ya kuweka sikio. Kompresa iliyonyamaza inaweza kuwa imekufa. Inaweza pia kuwa haijapelekewa umeme na bodi ya kielektroniki inayoliongoza friji, au kuwa nzima lakini kidude cha kuiwashia kimeungua. Sikio haliwezi kutofautisha hayo matatu. Mita inaweza, tena kwa dakika kumi.

Nikueleze kipimo chenyewe, ili siku fundi akikipitia mbele yako ujue anafanya nini, na asipokifanya ujue pia. Kompresa ya kawaida ina pini tatu ubavuni, chini ya kifuniko kidogo. Fundi huchomoa rilei (kile kidude cha kuiwashia) na ovalodi (kinachoikatia umeme ikizidiwa), kisha hupima ukinzani wa waya wa ndani kati ya pini na pini. Atapata namba tatu, na mbili ndogo zikijumlishwa zinapaswa kutoa ile kubwa. Tuseme amepata 4 na 9, kubwa iwe 13 hivi. Zikiwiana, waya wa ndani haujakatika. Halafu hupima kati ya kila pini na mwili wa chuma. Hapo mita isisome kitu kabisa, maana ikisoma, umeme unavuja kwenda kwenye mwili wa friji. Kompresa za inveta, zile zinazobadilisha kasi, nazo zina pini tatu lakini namba zote hulingana. Kwa hizo swali linahamia kwenye bodi inayoziendesha. Kompresa iliyofaulu kipimo hiki inaweza bado kuwa mbovu kwa ndani, imekwama au haisukumi. Lakini iliyofeli imefeli, hakuna ubishi, na ninyi wawili mtakuwa mmeiona namba.

Haya nayasema kwa uchungu kidogo. Nilipokuwa kijana, hoteli moja Zanzibar, nilibadilisha kompresa ya friji la jikoni la mpishi mkuu kwa kubahatisha hivyo hivyo. Ilikuwa ikitoa kile kisauti, tak, kimya, dakika chache, tak tena. Nikatangaza msiba. Tukaagiza kompresa, nikakata, nikachomelea, nikajaza gesi, nikawasha: tak. Rilei. Kidude kinachoenea kiganjani, ambacho kingebadilishwa kabla chai haijapoa. Bosi wangu hakunifukuza, ila kila nilipopita alikuwa anagonga meza: tak.

Sasa tuje kwenye transfoma, kwa sababu naamini sehemu ya ugonjwa wako iko huko, iwe kompresa ni moja au mbili.

Umeme wa Marekani ni volti 120, nao hugeuka mara 60 kwa sekunde, yaani 60 Hz. Wetu ni volti 230, hugeuka mara 50. Transfoma inashusha volti. Haigusi hizo mara 50. Watu wengi, na mafundi wengi, hawalijui hilo, wanaona imeandikwa 110 basi wanaridhika. Kompresa ya kawaida iliyotengenezwa kwa 60 Hz ukiipa 50 Hz huzunguka polepole, kiasi cha tano kwa sita ya mwendo wake. Inasukuma gesi kidogo zaidi, inafanya kazi muda mrefu zaidi, na ubaya zaidi, inavuta umeme kuliko ilivyopangiwa. Hesabu ni rahisi: ilibuniwa ipate volti 2 kwa kila mzunguko mmoja (120 gawa kwa 60). Huku kwetu inapata 2.4. Hiyo ziada ya asilimia 20 inageuka moto ndani ya mota. Kwa hesabu ya mota peke yake, kwa 50 Hz ingetakiwa ipewe volti 100 tu. Kompresa ngumu huvumilia miaka. Yenu imevumilia minne kwenu, pamoja na iliyokaa Masaki kabla. Za inveta hazina shida hii, kwa sababu bodi huugeuza umeme kwanza kabla ya kuupeleka kwenye mota.

Na isidhaniwe ni Marekani peke yake. Saudi Arabia nayo ni 60 Hz, ingawa plagi na volti vinaweza kukudanganya kwamba ni sawa na kwetu. Anayepakia friji Jeddah kwenye kontena asome kibandiko kwanza. Dubai na Muscat ni 50, huko hakuna neno.

Shika transfoma yako kwa kiganja. Ikiwa vuguvugu ni kawaida. Ikiwa huwezi kuacha mkono hapo, ni ndogo au inakufa. Tazama imeandikwa wati ngapi: kwa friji la kompresa mbili lenye hita ya kuyeyusha barafu mimi siridhiki na chini ya 1,500, na 2,000 hunipa usingizi. Kisha gusa mpini wa mlango ukiwa pekupeku. Ukihisi mtekenyo, zima leo hii na usiwashe hadi mtu wa umeme apite. Transfoma nyingi za dukani hazitenganishi umeme wa ukutani na wa friji, zinaushusha tu kwa waya ule ule, na wengi wakishafunga adapta ya plagi ya Kimarekani huwa wameipoteza waya ya ethi njiani. Friji lenye milango ya chuma bila ethi, kwenye jikoni yenye sakafu ya marumaru na watoto wanaotoka kuoga, silitaki hata kwa adui.

(Kwa kuwa nyumba zenye friji la namna hii mara nyingi huwa na oveni ya kabila hilo hilo, neno moja. Oveni kubwa za Kimarekani huingiza waya nne, mbili zikiwa na umeme wa volti 120 kila moja. Hita hutumia zote mbili, lakini taa, feni na bodi hutumia moja. Fundi umeme asiyejua huzipa zote volti 230 zetu kwa njia anayoizoea. Hita zinawaka vizuri, kila mtu anafurahi, na bodi inafuka moshi. Nimeona zaidi ya mara moja.)

Turudi kwenye laki mbili. Unalipa nini hasa?

Unalipa mafuta ya gari na foleni ya Bagamoyo Road, hilo tuliweke pembeni. Unalipa saa mbili za mtu mwenye mita nzuri, geji za gesi, kipima joto chenye waya kadhaa za kupimia, na kichwa kilichokwisha kusoma michoro ya friji hilo kabla hajafika. Zaidi ya yote, unamlipa mtu ambaye hapati chochote cha ziada akikwambia kompresa imekufa. Yule wa laki tisa hali yake ni tofauti. Yeye kuangalia ni bure, kwa hiyo siku yake haijalipwa mpaka akute ugonjwa mkubwa. Simwiti mwizi. Namwita mtu mwenye njaa aliyeulizwa kama chakula kiko tayari.

Ndiyo maana sipendi sana mpango wa "ukikubali matengenezo nitaikata hiyo laki mbili". Wengi huudai, nao unasikika vizuri, lakini unamrudisha mtaalamu kwenye njaa ile ile. Mimi ningesema: laki mbili ni ya kupima, imeisha hapo, na kwa hiyo nataka karatasi. Ikiwa hata kwa mkono, iandikwe namba ya modeli, volti ya ukutani na ya transfoma friji likiwa linafanya kazi, ukinzani wa kompresa, joto la pande mbili, alichokikuta, anachopendekeza, na bei ya kipuri peke yake mbali na bei ya kazi. Karatasi hiyo ni mali yako. Unaweza kumpa yeye kazi, au mwingine, au hata yule kijana wa mtaani akaifanya chini ya maelekezo. Akisema hatoi karatasi, hapo mume wako ameshinda, mwachie afunge geti.

Namna ya kumjua kabla hajafika: sikiliza anachokuuliza wewe kwenye simu. Mtaalamu wa kweli hawezi kukaa dakika mbili bila kuuliza namba ya modeli na namba ya mfululizo (serial number) ya mashine, na kwako ataongeza swali la transfoma. Asiyeuliza lolote ila "uko wapi" hajui anakwenda kukutana na nini. Wewe naye muulize anajazaje gesi. Jibu ninalolitaka lina mizani ndani yake. Gesi ya friji la nyumbani hupimwa kwa gramu, na kiasi chake kimeandikwa kwenye kibandiko. Anayejaza kwa kuangalia geji na kushika bomba kama limepoa anakisia, na kwenye mafriji haya gramu chache zinatosha kuharibu upoaji. Muulize pia kama ana pampu ya kunyonya hewa na kama hubadilisha draya kila anapofungua mfumo. Draya ni kile kichujio kidogo cha shaba kinachonyonya unyevu. Mfumo ukishafunguliwa, cha zamani kimekwisha, na kukirudisha ni kama kupika pilau kwa mchele ulioloweshwa jana.

Na gesi yenyewe ni ipi? Tafuta kwenye kibandiko: R134a au R600a ndizo utakazozikuta zaidi. R600a ni isobutani, ndugu wa gesi ya kupikia, nayo inawaka. Mtu akiikata bomba lake kwa moto wa kuchomelea ndani ya jikoni lililofungwa, hatengenezi friji tena. Wala hazichanganywi: mafuta ya kompresa ya R134a ni ya aina nyingine kabisa na ya R600a. Nchi zilikubaliana Kigali mwaka 2016 kuzipunguza hatua kwa hatua gesi za ukoo wa R134a kwa sababu ya kuongeza joto duniani, kwa hiyo friji jipya la leo lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na R600a. Kijana aliyezoea mtungi mmoja kwa mafriji yote anazidi kuwa hatari kila mwaka.

Wapatikane wapi hawa watu? Chapa ikiwa na wakala nchini, anza kwake, hata kama ni ghali, angalau kwa kipimo. Isipokuwa na wakala, mimi nisingetafuta mitandaoni. Ningekwenda kwa mhandisi wa matengenezo wa hoteli kubwa yoyote na kumuuliza anamwita nani vyumba vyake vya baridi vinapogoma. Hoteli haziwezi kukaa siku mbili bila friza, kwa hiyo zimeshawachuja. Wanaohudumia nyumba za wanadiplomasia Oysterbay na Masaki nao wamezoea vitu vya 60 Hz kuliko mtu yeyote mjini. Vyeti ni vizuri, VETA wanafundisha majokofu na viyoyozi na hutoa vijana wazuri, lakini cheti hakitakwambia kama amewahi kufungua friji la kompresa mbili. Muulize la mwisho alilolifungua lilikuwa na nini. Akianza kusimulia na kusahau kwamba muda wa maongezi unakwisha, huyo ndiye.

Kabla hajaja, piga picha ya kibandiko. Kwenye friji kinakaa ndani, ubavuni juu au nyuma ya droo. Kwenye oveni na mashine ya kuoshea vyombo tazama ukingo wa mlango au fremu yake. Piga kibandiko kizima, sio namba ya modeli tu, maana kipuri kinaweza kubadilika katikati ya modeli ile ile kulingana na namba ya mfululizo. Vifaa vya Bosch, Siemens na Gaggenau vina siri ndogo ninayoipenda: kuna namba ya FD yenye tarakimu nne mwanzoni. Chukua mbili za kwanza, ongeza 1920, unapata mwaka wa kutengenezwa, na mbili zinazofuata ni mwezi. FD 9407 ni Julai 2014. Nimewahi kuokoa watu wawili waliokuwa wanauziwa "mpya ya mwaka jana" kwa hesabu hiyo peke yake.

Vipuri. Hapa ndipo subira inapohitajika. Vya Kimarekani na vya Ulaya vingi hutufikia kupitia Dubai, ambako nilifanya kazi miaka sita, na ninakuambia kuna karakana pale zina makabati ya vipuri kuliko kampuni zenyewe. Kwa vifaa vya Ulaya mambo yamekuwa mepesi kidogo: sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza Machi 2021 inawalazimisha watengenezaji wa mafriji kuweka bodi, sensa na themostati kwa miaka isiyopungua saba baada ya modeli kuacha kuuzwa, na mpira wa mlango miaka kumi. Sheria hiyo haifiki Mbezi, lakini kipuri kikishakuwepo Ujerumani kinaweza kupanda ndege.

Ikibainika ni bodi, usikimbilie kuagiza. Fundi wa friji akishasema "ni bodi" kazi yake karibu imeisha, na mtaalamu unayemhitaji sasa ni mwingine kabisa: yule kijana wa Kariakoo anayefufua bodi za televisheni, mwenye kioo cha kukuzia jichoni. Kinachouawa na umeme wetu unaokatika na kurudi kwa kishindo ni vitu vichache vile vile: kapasita iliyovimba kichwa, varista (kinga ya umeme unaopanda ghafla) iliyojitoa mhanga, rilei iliyoungana. Bodi ambayo ingesafiri wiki kadhaa hurudi ikiwa hai kesho yake. Kasoro ni kwamba yeye hawezi kuijaribu bila friji, kwa hiyo mpe mchoro na umwambie fundi wa friji asubiri kuirudisha.

Na kama kweli ni kompresa? Basi wazo la yule fundi wa kwanza si la kijinga hata kidogo, na hapa namtetea. Kwa kompresa ya kawaida isiyo ya inveta, mimi nisingeagiza nyingine ya 120 V na 60 Hz ije iteseke upya. Ningefunga ya volti 230 na 50 Hz, ya gesi ile ile na nguvu ya kupoza inayolingana, iliyotengenezwa kwa ajili ya kupoza hadi joto la chini kama iliyotoka. Bodi, feni na taa zibaki kwenye transfoma. Bodi iiamuru kompresa mpya kupitia rilei, lakini umeme wa kuiendesha utoke ukutani moja kwa moja. Transfoma inapumua, kompresa inapumua. Kazi hiyo inataka mtu anayeweza kukuchorea waya zote kwenye karatasi kabla hajakata moja, na mchoro huo aubandike nyuma ya grili kwa ajili ya atakayekuja baada yake. Ikiwa kijana wako anaweza hivyo, laki tisa ni ya kujadiliana. Nina wasiwasi hajawahi kufikiria hayo.

Kuna hali moja ambayo ningekwambia uache kabisa: gesi ikiwa inavujia ndani ya povu la ukutani, mahali ambapo bomba limezikwa. Mtaalamu hulijua hilo kwa kuujaza mfumo naitrojeni na kuutenga vipande vipande. Kuna wanaotoboa povu na kupitisha bomba jipya, na kwa friji la kawaida naona ni kupoteza nguvu. Kwa la kujengea hesabu hubadilika, kwa sababu kabati lako limechongwa kwa kipimo chake, na friji jipya la upana tofauti maana yake ni seremala, marumaru na miezi miwili ya vumbi. Watu hupiga hesabu ya friji wakasahau ya kabati.

Upepo wa bahari wa hapo kwenu nao usiusahau. Chumvi hula mapezi ya kondensa (ile sehemu ya mabomba inayotoa joto nje), na vumbi hushikana na unyevu yakawa kama blanketi. Ukishafungua grili hiyo leo jioni utaona. Brashi laini na mashine ya kuvuta vumbi kila baada ya miezi mitatu, umeme ukiwa umezimwa, mapezi usiyapinde. Yapo mafriji niliyolipwa kuyapima nikakuta yanaumwa blanketi hilo tu, na mwenye nyumba akaniangalia kama mumeo atakavyomwangalia huyo jamaa.

Kwa umeme, funga kilinda friji kabla ya transfoma, upande wa ukutani, chenye kuchelewesha dakika tatu hadi tano umeme unaporudi. Kompresa ikizimwa ghafla na kuwashwa papo hapo inaanza kusukuma dhidi ya mgandamizo ambao haujashuka, na hapo ndipo rilei hufa. Kilinda friji hakiinui umeme ulioshuka, kinaukata tu. Ikiwa mtaani kwenu usiku volti huteremka sana, hiyo ni kazi ya stabilaiza.

Kwa sasa, hamisha maziwa. Weka glasi ya maji katikati ya upande wa chakula, tumbukiza kipima joto, usome kesho asubuhi kabla mtu hajafungua mlango. Tunataka nyuzi 3 hadi 5 za Selsiasi. Mtaalamu akija, mwombe kabla ya kitu chochote apime volti ya ukutani na ya transfoma friji likiwa limewaka, wewe ukiwa umesimama hapo na kalamu. Kisha nitumie namba hizo na idadi ya kompresa, nikuambie kama ni wa kumrudisha.